Akala za Magoti

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi na dada yangu, nikiamini nimeajiriwa ofisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilichoambiwa ni kwamba kituo cha watoto wenye ulemavu, nje kidogo ya mji wa Kericho, kilihitaji msaidizi. Sista Msimamizi, mtawa wa makamo aliyesomea tiba ya viungo, alinipokea langoni. Akaniambia nitambae hadi karakana.

"Nitambae, Sista?"

"Kwa mikono na magoti. Mimi nakungojea huko."

Njia ilikuwa ya changarawe na ilipanda kilima. Mpishi alitoka jikoni kunitazama, akapaza sauti, "Kijana, ukiona kifungo changu huko chini niokotee!" Nilifika karakana suruali imetoboka na goti moja linavuja damu.

"Umeona nini?" Sista aliniuliza.

"Mawe, Sista."

"Vizuri. Sasa kumbuka. Usimnyang'anye mtoto njia yake ya kwenda kabla hujampa nyingine. Na hiyo nyingine ikiharibika, ile ya kwanza iwe karibu."

Nyinyi mnaofanya kazi hii leo mna vyeti na mashine. Sisi tulijifunzia sakafuni. Watoto wengi walikuwa wamepatwa na polio, na gharama zote zililipwa na wafadhili wa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha viungo kila asubuhi, kwa sababu goti likikaa limekunjwa kwa muda mrefu kano zake hufupika, likakakamaa na kukataa kunyooka. Nilipima miguu pia kwa ajili ya kalipa. Kalipa ni vyuma viwili vinavyopita kando ya mguu, vimeshikwa kwa mikanda ya ngozi, na kwenye goti kuna bawaba ambayo mtoto huifunga anaposimama na kuifungua anapoketi. Fundi Mkuu wa karakana, mtu mkali aliyetafuna mkia wa penseli mchana kutwa, alinirudisha mara nyingi nikapime upya. "Huu ni mguu wa mtu," alikuwa akisema, "si mguu wa meza."

Nilipelekwa kwanza Sigowet, ambako tuliwaona watoto kwenye baraza ya kanisa. Baadaye nikapewa upande wa Konoin, kutembelea nyumba hadi nyumba. Watu waliniita daktari. Mwanzoni niliwakatalia, halafu nikaacha kuwakatalia.

Sista aliporudi kwao, alikuja Meneja wa Mradi, mtu wa tai na kamera. Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba kituo kingefungwa wafadhili wakichoka. "Picha za mtoto anayetambaa tunazo nyingi," alituambia. "Nataka ya mtoto aliyesimama."

Chelangat alikuwa mtoto wa Kimulot, upande wangu wa Konoin, wa darasa la saba, na miguu yake yote miwili ilikuwa imepooza. Baba yake, mkulima mdogo wa chai, alikuwa amemkatia akala za magoti kutoka kwenye tairi la trekta. Zilikuwa na kamba za kufungia nyuma, na ndani ameshonea kipande cha blanketi. Akiwa nazo, Chelangat alipita katikati ya mistari ya chai upesi kuliko wenzake waliokuwa wima. Siku niliyomwona mara ya kwanza, mvulana mmoja njiani alimwita, "Tingatinga! Tingatinga inapita!" Naye akamjibu bila kusimama, "Basi toka barabarani, kabla sijakusawazisha!"

Tulimfundisha mwaka mzima. Alipata kalipa na magongo, akatembea hadi shuleni mwenyewe, na mama yake akatuchinjia kuku. Mimi siku hiyo nilichukua zile akala. Meneja hakuniagiza, wazo lilikuwa langu. Nilizitundika kwenye msumari ukutani ofisini, kando ya picha ya Chelangat amesimama, ili wageni waone alikotoka na alikofika. Wageni walizipenda. Walizishika, wakatikisa vichwa, na mimi nilisimama pembeni nikijiona nimefanya jambo kubwa. Kwa baba yake niliacha onyo: "Nikimkuta anatambaa tena, nafasi yake tutampa mtoto mwingine."

Mvua ya masika ilipoanza, njia za Kimulot ziligeuka utelezi mtupu. Chelangat alianguka mtelemkoni na bawaba ya kalipa moja ikakatika. Baba yake aliileta kwa miguu, ameifunga kwenye gunia la majani chai, maji yakimtiririka kwenye kofia.

"Daktari, chuma kimeshindwa na kilima chetu," alisema.

"Kitatengenezwa, Baba Chelangat. Lakini bawaba hizi zinatoka mbali. Mngojee."

"Tutangojea. Ila mtoto ana shule." Akatazama ukutani. "Basi nirudishie akala zangu, atumie kwa sasa."

Wageni walikuwa wanatarajiwa wiki hiyo. Ukweli ni huo, wala sina mwingine wa kujificha nyuma yake. Nilifikiria ukuta ukiwa mtupu na Meneja akiniuliza.

"Akirudia kutambaa atasahau kutembea," nilimwambia. "Na wewe usimkatie nyingine. Unakumbuka nilichosema."

"Nakumbuka, daktari. Samahani kwa usumbufu." Akaondoka na gunia tupu.

Bawaba ilichelewa. Mimi nami nilichelewa. Gari halikuweza kupita Kimulot kwa matope, lakini baba yake alikuwa amepita kwa miguu, na mimi miguu nilikuwa nayo. Nilifika masika yakiisha, na kalipa iliyotengenezwa begani. Nilimkuta Chelangat ameketi kwenye gunia karibu na mlango. Alikuwa amenenepa usoni na amepungua maneno. Nilipomshika goti ili nimvalishe, lilikataa kunyooka. La pili pia.

"Ulikuwa unafanya mazoezi?"

"Nilifanya peke yangu, vile naweza. Mama yuko chai siku nzima." Kisha akanitazama kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari safi. "Lakini daktari, sikutambaa. Hata siku moja. Hata choo nilikuwa nabebwa."

Alikuwa msichana wa darasa la saba. Muhula mzima hakufika shuleni.

Tulijaribu kumfunga plasta ngumu za kunyoosha magoti, zikamtia vidonda. Upasuaji ulizungumzwa, fedha zake hazikupatikana. Kalipa hazikumwingia tena. Meneja aliponiuliza kilichotokea, nilijibu, "Familia haikufuata maagizo." Siku ya mkutano wa wazazi alilirudia neno hilo mbele ya watu wote, akimwelekezea kidole baba Chelangat. Mzee alisimama, akavua kofia, akasema, "Tumekosa, tusameheni." Mimi nilikuwa nimekaa meza ya mbele. Nilitazama soda yangu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, kwanza pale, na kituo kilipofungwa, katika miradi mingine. Watoto wengi walisimama mikononi mwangu, na sitawakana. Lakini nilipostaafu na kukaa nyumbani na ng'ombe wangu, sikuwakumbuka wale. Nilikumbuka gunia kando ya mlango. Mnaoanza kazi hii mtafundishwa misuli na mifupa. Mimi nawaongezea kwamba mtu anayepewa msaada huogopa kumkatalia anayempa, na hofu yake huonekana kama utii. Mimi niliipokea hofu hiyo kama heshima yangu.

Mwaka jana nilisikia Chelangat anashona nguo sokoni Chepilat. Nilikwenda. Alikuwa kwenye duka dogo lenye cherehani ya mkono, akizunguka upesi chini ya vitambaa, na magotini amefunga akala alizojikatia mwenyewe. Nilimweleza yote, hata lile la familia kutofuata maagizo. Aliendelea kukata kitambaa hadi nilipomaliza.

"Mimi nilishakusikia, mzee," alisema. "Lakini aliyesimamishwa mbele ya watu si mimi. Baba yuko Kimulot na bado anasikia vizuri. Mwambie yeye. Na umwambie mahali kuna watu."

Nilimkuta baba yake kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, ameketi juu ya kikapu chake kati ya majirani wakingojea lori. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba mtu huyu alifuata kila agizo, kwamba agizo ndilo lililomharibu mtoto, kwamba agizo lilikuwa langu, na kwamba nilidanganya. Mama mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Na alikuwa anakula kuku wa watu!" Hakuna aliyecheka.

Mzee hakuvua kofia. Alifikicha jani la chai kati ya vidole.

"Nimesikia," alisema. "Na akala zangu ziko wapi?"

Kituo chetu cha watoto kilipofungwa, ofisi ilifagiliwa na vitu vikatupwa. Sikuwa nimezikumbuka hata kuzitoa ukutani. Nilimwambia hivyo, na lori likafika, akainuka kupimisha majani yake.