Nilifika Kabambare Siku ya Idi

Baba alizikwa Kasongo Jumatatu ya Juma Kuu, na Pasaka ile nyumbani kwetu hatukuimba. Alikuwa katekista, mtu wa kengele na saa. Watoto wake tulikuwa wawili tu: mimi Alfonsi, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misioni, na dada yangu mkubwa Veronika. Veronika aliolewa na Mwislamu wa Kabambare, akaitwa Zainabu. Kwa miaka saba baba hakukanyaga kwake, wala yeye hakukanyaga kwetu. Matanga yalipokwisha, mama aliniambia, "Shule iko konje, imefungwa. Nenda umwambie dada yako. Neno kama hili halipelekwi na mpita njia."

Jumamosi asubuhi nilipewa ofisini karatasi ya ruhusa ya kusafiri, siku kumi kwenda na kurudi. Nilifunga kikapu cha mchele nyuma ya baiskeli. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, kwa hiyo nilivaa kofia ya kitambaa ili jua lisiniunguze. Nilipita mtaa wa Waislamu, ambao ulikuwa kimya, kwa sababu ilikuwa Ramadhani na hakuna aliyekuwa anapika.

Njiani nilijaribu kufikiri mambo mepesi, nikaanza kuzipitia sikukuu za mwaka wetu. Noeli ilikuwa ya wali na mbuzi, na ya viatu vinavyobana, maana vilinunuliwa mwaka uliopita. Pasaka ilikuwa ya kushindana na wenzetu wa parokia kwa sauti. Sikukuu ya Wabelgiji, mwezi wa saba, tulisimama juani mbele ya bendera, halafu wanaume wazima wakakimbia ndani ya magunia ili wapate shati, na bwana mkubwa akacheka mpaka akafuta miwani. Na Idi haikuwa yetu, lakini watoto wa misioni tulijua njia zote za nyuma za kufika kwenye sufuria za pilau. Nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka ninakwenda kufanya nini, nikakanyaga pedali.

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliikosa misa, mara ya kwanza tangu nibatizwe. Udongo ulishika magurudumu hata nikaibeba baiskeli begani, nikipita kando ya mashamba ya pamba. Jioni nilifika Wamaza nimechoka, nikapokewa na Mzee Ramazani, fundi cherehani. Alinipa maji na mhogo, naye akakaa bila kugusa kitu mpaka jua lizame. Mara tukasikia watu wanapiga kelele barabarani: mwezi umeonekana.

"Kesho ni Idi," alisema, akifuta mikono. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa dada yangu, Kabambare."

"Ah, umechagua siku nzuri, mwanangu. Atafurahi sana."

Nilimwomba taa nitengeneze mnyororo wa baiskeli.

Jumatatu alasiri niliingia Kabambare. Nguo zilikuwa nyeupe kila upande, na watoto walitembea polepole wasichafue kanzu. Kwa shemeji Shabani uwanja ulijaa wageni. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, aliniona kabla sijateremka. Alisimama na sinia mkononi, akanitazama tangu miguu hadi kichwa, kisha akaja mbio.

"Mutoto wa mama yangu! Karibu. Keti, ule."

"Yaya, nina neno."

"Neno litakaa. Kwanza kula."

Watoto wake wawili, ambao sikuwa nimewahi kuwaona, waliletwa kunisalimu. "Huyu ni mjomba wenu," aliwaambia, nao wakanionyesha nguo zao mpya, mfuko kwa mfuko. Ningeanzia wapi? Nilikula. Nikasema moyoni: ngoja wageni waondoke, ngoja watoto washibe. Shemeji aliniongezea nyama. Yaya alipita huku na huku na sinia zake, akicheka na wanawake, na mimi nilimwonea huruma kwamba hajui.

Jua lilipoanza kulegea, wageni walipungua. Yaya alikuja akaketi kwenye mkeka wangu.

"Baba alikufa siku gani?" aliuliza.

Mkono wangu ulibaki ndani ya sahani. "Nani amekuambia?"

"Tangu lini mtoto wa katekista anakula na kofia kichwani? Hapa kila mwanamume iko na kofia, kwa hiyo hawakuona. Mimi niliona umenyolewa, ukiwa bado barabarani. Na baba angekuwa hai, usingekuja kwangu."

"Na ukapakua chakula? Ukacheka?"

"Watoto wameingoja siku hii mwezi mzima, Alfonsi. Na hawa ni wageni wangu." Alivua bangili moja baada ya nyingine, akaziweka mkekani. "Sema kweli. Alitaja jina langu?"

Nilitaka kumdanganya. Ningesema alimwita mpaka pumzi ya mwisho. Lakini yaya alinijua.

"Hapana," nikasema. "Hakutaja. Lakini kila mwaka alikwenda kwa Waislamu wa mtaani kuuliza Idi itakuwa siku gani. Siku hiyo alivaa shati lake la Noeli, akaketi mbele ya nyumba kutwa, akitazama barabara ya huku. Mama akimuuliza, anasema analianika. Mwaka huu, akiwa kitandani, aliniuliza, 'Wamefunga siku ngapi?' Nikamwambia. Akasema, 'Basi, bado.' Nilifikiri ni homa."

Yaya alilia kwa Kizimba, lugha ya kwetu ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kinywani mwake. Wanawake waliokuwa wameondoka walirudi mmoja mmoja wakiwa bado na nguo za sikukuu, wakaketi chini naye. Shemeji alisimama kando yangu, akasema tu, "Tungekuja. Angetuita, tungekuja."

Nilikaa siku tatu, kisha nikarudi ruhusa isije ikaniishia njiani. Tangu safari ile, sikukuu inapofika, sitazami tena nani amevaa nini. Natazama nani hayupo, na nani anamngoja bila kusema.

Noeli iliyofuata yaya alikuja Kasongo pamoja na watoto wake, juu ya gari la pamba. Hakuingia kanisani. Aliketi nje kwenye ngazi, akitusubiri. Misa haijaisha, mama akatoka, akatandika kikwembe chake, akaketi naye.