Bibi, Dagaa na Mgombea Aliyetumwa na Mungu

Juzi nimeshuka stendi ya Buzuruga nikakuta mgombea kashika spika, anasema ametumwa na Mungu. Mama muuza ndizi akamwambia taratibu, "Baba, sisi tunataka maji ya bomba tu." Watu wakacheka mpaka stendi ikatikisika. Mimi mwenzio nikamkumbuka bibi yangu.

Unajua nimekulia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Dagaa wa siku zile waling'aa, ndugu yangu, ukiwatazama kwenye jua la saa sita lazima ufumbe jicho moja. Kazi yangu kufukuza kunguru, na kunguru wa kwetu walikuwa wakubwa kama mbuzi. Bibi alianika mchangani na mama jirani. Ijumaa jirani akienda msikitini, bibi anamgeuzia dagaa wake. Jumapili bibi yuko kanisani, jirani anamgeuzia. Wala hawakushukuriana, ilikuwa kama kupumua.

Sasa ikafika siku ya kuchagua mwenyekiti wa mwalo. Akajitokeza mzee wa kanisa letu, mtu wa maombi kwelikweli. Akiombea chai, inapoa, inapashwa, inapoa tena. Akasema Mungu kamwonyesha: akishinda, Jumapili hakuna kuanika, na wasio wa dini yetu watafute mwalo mwingine. Bibi akamtazama jirani. Dagaa wasipoanikwa siku hiyohiyo wanaoza, na jirani hakuwa na pengine pa kwenda.

Kura yetu ilikuwa kupanga mstari nyuma ya unayemtaka, wote wanakuona. Na bibi aliimba kwaya ya mzee huyohuyo. Nilibana pumzi mpaka masikio yakapiga honi.

Bibi akampita mzee, akasimama nyuma ya mpinzani wake, fundi nyavu, mtu ambaye hata dini yake hatukuijua, kaahidi vichanja vya kuanikia dagaa tu.

"Mama, unamwacha mtumishi?" mzee akauliza.

"Jumapili nitakuja uniombee, mwanangu. Dagaa waachie wenye dagaa."

Kwaya nzima ikamfuata bibi. Fundi akashinda. Jumapili bibi akaimba mpaka ng'ambo ya ziwa, kule Ukerewe, wakaitikia, na kurudi akakuta dagaa wake wameshageuzwa.

Siku hizi mwaloni pale kuna nyumba ya wageni. Bibi hayupo, jirani hayupo, hata ile harufu imehama. Nilidhani na akili ile wameondoka nayo. Kumbe iko Buzuruga, inauza ndizi. Nikanunua chane nzima, nikashusha pumzi.