Nilijaza Chupa kwa Maji ya Mvua

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili mtu asinitafutie sababu. Shamba la dada yangu hapa Rukanga limekufa kwa mkono wangu. Watu wanalaumu kompyuta, na nimewaacha wailaumu miaka miwili. Nimechoka.

Kabla kikundi chetu cha wakulima hakijaanza kumwagilia kwa kisima kipya, alikuja mtaalamu wa udongo, nitamwita Daktari Kilonzo. Maji ya kile kisima yana chumvi, kila mtu anajua. Yeye alitaka yale yaliyo ndani ya udongo, ambayo mizizi inakunywa, halafu kompyuta ipige hesabu. Alitueleza kwa mfano wa chai.

"Ukiongeza sukari na kuongeza, inafika mahali chai imeshiba, sukari inakaa chini. Udongo pia ni hivyo. Maji yake yakishashiba chokaa, ile chokaa inaganda na shamba linakuwa simiti. Kompyuta itaniambia yameshiba ama bado."

Akazika kibomba kimoja kwa kila shamba. Mimi nikapewa kazi ya kuvuta maji ya udongo humo kwa sindano kubwa na kujaza vichupa, mpaka shingoni, hewa isibaki. Yeye akarudi Voi kukaa na kompyuta yake. Hakukanyaga shambani tena mpaka mambo yalipoharibika, na hilo nitamlaumu mpaka nife.

Kilikuwa kiangazi. Unavuta asubuhi nzima unapata kijiko. Nikamwendea mwenyekiti wetu, Mwadime.

"Mwenyekiti, huu udongo hautoi maji."

Akanicheka. "Wewe nawe! Mtu ametoka mbali hivyo umpelekee chupa nusu, kama uji wa mgonjwa? Jaza bwana. Kwetu mgeni hapewi nusu."

Na ni kweli, hapewi. Hata nyumba yenye njaa itaongeza maji kwa mchuzi ili bakuli la mgeni lijae. Basi nikaenda kwa tangi langu la mvua, nikaongeza kila chupa mpaka shingoni. Darasa la nne ndiyo niliishia, sikujua kwamba nimemzimulia chai yake. Lakini kwamba nadanganya nilijua, maana niliangalia nyuma kwanza kama kuna mtu.

Jibu likaja: udongo wenu bado una nafasi, mwagilieni. Dada yangu Wakesho, mjane, alikuwa wa kwanza kufungua maji. Nyanya za mwanzo aliniletea mimi. "Kula, kaka, si wewe ndiye ulitupimia?" Nikala.

Msimu wa pili weupe ukatokea juu ya udongo. Jembe likawa linagonga kama sakafu. Nyanya zikaungua majani kuanzia ncha. Daktari alipokuja kuangalia, alitukanwa mkutanoni mbele za watu. Mwadime akasimama akasema, "Hiyo ndiyo kompyuta ya wasomi." Alijua, huyo mtu. Tuliangaliana. Na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine. Hayo makofi yananiuma kuliko chupa.

Mwezi uliopita Wakesho akahamia kipande chake cha juu, cha mwisho alicho nacho, akafungulia maji huko. Akaniambia hana wasiwasi: kwa karatasi ya daktari, udongo wa kile kipande ndio ulikuwa mzuri kuliko wote.

Jumapili tukitoka kanisani nikamwambia yote. Hakulia wala hakunitusi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na chupa ya kule juu?"

"Huko ndiko nilipata kidogo kabisa. Karibu yote ilikuwa ya mvua."

Akavua viatu vyake vya kanisa, akavishika mkononi, akakimbia kwenda kufunga maji. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anakimbia na gauni la Jumapili, na mimi nimesimama pale kama kigingi. Kama aliwahi ama alichelewa, sijui. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na sina uso wa kwenda kuangalia.

Wenzangu mnaotumwa kupima vitu ambavyo hamvielewi, nisikilizeni mimi mjinga. Kama hakuna, andika hakuna. Aibu yake inaisha jioni ile ile. Na kama ulishadanganya, usingoje miaka miwili kama mimi. Mwambie mtu wako leo, kabla hajapanda.