Mwali wa Uchagani

Nyuma ya friji yangu anaishi paka. Nilimtoa soko la samaki hapa Mtwara mjini, ana sikio lililochanika, na tangu aingie ndani hajataka kuonana na mtu. Jirani yangu, mama mwenye huruma na haraka, kila akija anataka kumtoa. "Mvute umshike, atazoea tu!" Namkatalia. Mimi nimelelewa na bibi yangu, kijijini Mpapura, na kwake paka mgeni hakufanyiwa hivyo.

Unajua mabibo yanavyonuka yakianza kuchacha chini ya mikorosho? Msimu wa harufu hiyo ndipo nilipopelekwa kwa bibi. Mama alikuwa ameolewa tena, na mume wake mpya hakutaka mtoto asiye wake. Nikakaa mlangoni na kifurushi changu, sisemi, siingii, mpaka giza liliponiingiza. Siku hizo hizo mjomba akaleta paka kutoka Mikindani, kamtia ndani ya gunia asiione njia ya kurudi, maana panya walikuwa wanamaliza makopa ya muhogo uchagani, kwenye fito zilizopangwa juu ya meko.

Bibi akampaka paka mafuta ya nazi kwenye nyayo. Akishajilamba, alisema, ameshaionja nyumba. Paka hakulamba kitu. Aliruka uchagani akajibanza nyuma ya makopa, na panya wakaendelea na shughuli zao.

"Msimtazame," bibi akatuamuru. "Huyu ni mwali." Kwetu mwali aliyewekwa ndani hakodolewi macho, anayempelekea chakula hugeuza uso. Basi tukawa tunapita jikoni shingo upande, wakubwa kwa wadogo, kwa heshima ya paka. Bibi alikuwa anaacha vichwa vya dagaa ukingoni mwa uchaga, halafu anakwenda zake.

Mjomba hakuwa na subira. "Mama, korosho zikishauzwa namrudisha alikotoka. Mgeni gani huyu, anakula tu hatumwoni?"

Nikarudisha tonge sahanini. Mimi pia nilikuwa nakula tu, na gunia bado lilikuwa limetundikwa ukutani. Niliogopa sana. Sahani yangu nayo nilikuwa naikuta kizingitini, nilikokuwa nashinda, ugali na kisamvu, bila mtu kuniambia karibu. Nikiinua macho, bibi ameshanipa mgongo.

Paka alishuka alasiri moja, bibi akimenya muhogo. Akaketi mbali kidogo na mkeka, akaanza kulamba nyayo, mafuta yenyewe yameshakauka zamani. Mjomba akafungua kinywa. Bibi akainua kisu bila kugeuka, mjomba akafumba kinywa. Ndipo nami nikaondoka mlangoni. Nilipofika mkekani, bibi alisogea kidogo, akaendelea kumenya. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Gunia lilitunguliwa ukutani, likajazwa korosho, likauzwa nazo.

Nyumba ile haipo tena, na bibi hayupo. Binamu zangu wamejenga ya bati; chakula kimo kwenye ndoo za mifuniko, hawahitaji uchaga wala paka. Nikienda hunikaribisha vizuri mno, wote wakinitazama usoni.

Asubuhi hii, ninapoandika haya kwenye mkeka jikoni, namsikia paka wangu akitafuna dagaa katikati ya sakafu, nyuma yangu. Natamani kugeuka. Lakini uso nimeuelekeza ukutani, na hapa mkekani nimesogea kidogo.