Kichaka cha Pongo

Nyumbani kwetu habari za porini hazikusemwa mlangoni. Ukirudi kutoka msituni, hata kama umepishana na chui, unaingia, unakaa, unapewa maji, ndipo unaulizwa umeona nini. Baba ndiye aliyeweka utaratibu huo. Alisema mtu aliyesimama hutia chumvi.

Siku za Jumamosi alituchukua watoto wake watatu, dada, kaka na mimi kitinda mimba, tukapanda naye vilima vya nyuma ya kijiji chetu, Nakwa, kutafuta kuni. Kuni zilikuwa sababu ya kumwambia mama. Yeye alichokifuata ni alama. Wanyama wenyewe tuliwaona mara chache. Tulichosoma ni walichokiacha. Kinyesi cha fisi, cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Shimo la muhanga, na udongo mbichi mdomoni ukisema amechimba usiku uleule. Mwiba wa nungunungu, ambao kaka aliuchomeka kwenye nywele za dada, naye akatembea nao hadi nyumbani bila kujua. Virundo vya digidigi, mnyama mdogo anayerudi kujisaidia pahali palepale, "kama mtu mwenye choo chake," alisema baba. Alivunja kinyesi kwa kijiti, akanusa, kisha akatupitishia na sisi tunuse. "Huyu ni wa asubuhi hii," alisema. Au, kikiwa kikavu hadi ndani: "Huyu keshafika Kondoa."

Nadhani maradhi yangu ya kutotulia yalianzia pale. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka Babati, na tangu hapo sijakaa mji mmoja muda wa kutosha kuzoeleka na mwenye duka. Nimefanya kazi Mererani, Singida, Tunduma, sasa Mpanda. Kila ninapofika natafuta kwanza kipande cha pori cha kutembea siku nisiyo na kazi. Nimezisoma nyayo za mapori ya watu. Pori la kwetu nililiacha nikidhani litanisubiri.

Chini ya shamba letu kuna korongo linaloshuka kuelekea ziwani. Katikati yake pana chemchemi ndogo, na wakati ule ilizungukwa na mikuyu na kichaka cha miiba kilichosokotana kiasi kwamba hata kuku akiingia hupati tena mayai yake. Humo alilala pongo, swala wa vichakani, mwekundu, mwenye madoa meupe ubavuni, anayetembea peke yake. Akishtuka hubweka, na asiyemjua atasema ni mbwa. Baba alituonyesha malalo yake mara moja tu: nyasi zimelala kwa umbo la mwili, kama kitanda ambacho mtu ametoka kukiacha. Hakuturuhusu kusogea karibu.

Baba alipougua mara ya mwisho alituita sote. Alisema shamba tutagawana tutakavyo. "Kichaka kile, pongo akiendelea kulala mle, msikiguse. Akihama, ni chenu." Hakuna aliyebishana. Wakati huo hakuna aliyekihitaji.

Dada ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya baba. Mumewe amefariki, goti lake ni bovu na hawezi tena kushuka korongoni, lakini kutoka mlango wa jikoni kichaka anakiona. Amekuwa akianza siku yake kwa kukitazama, na aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba kikiwapo haoni kama baba ameondoka sana. Kaka ana karakana ya pikipiki karibu na stendi. Sehemu yake ya shamba iliishia kichakani, na kijana wake mkubwa anataka kuoa na hana pa kujenga.

Pasaka nilikuja. Mvua za masika zilikuwa zimekolea, bajaji iliyonileta kutoka stendi ilikwama njiani na nikaingia nyumbani na tope hadi magotini. Kaka alikuwa ameketi sebuleni.

"Mtalii wetu kafika," alisema. "Safari hii unakaa mpaka chai ipoe?"

Nikawasalimu, shikamoo kwa dada, shikamoo kwake. Hatukumaliza kula kabla neno la kichaka halijatoka.

"Pongo yupo," dada alisema. "Kiangazi kilichopita nimemsikia akibweka."

"Ulimsikia mbwa wa jirani."

"Mbwa wa jirani namjua kwa sauti kuliko ninavyokujua wewe."

"Basi alikuwa mbwa wa jirani ana mafua."

Tulicheka, hata dada. Kisha kaka akaweka kijiko chini. "Mimi sitaki ujanja, dada. Nikikata na pongo yupo, nimemkanyaga mzee. Lakini nikiiacha miiba kwa ajili ya mnyama asiyekuwapo, mwanangu akajenge hewani?" Akanigeukia. "Akatafute huyu. Hana shamba, hana upande. Na ndiye aliyependa kunusa mavi kuliko sisi wote."

Dada alinitazama, akasema sawa. Nilifurahi. Sitaficha hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwa mtu wa nyumbani kunihitaji kwa kitu ninachokijua.

Nilishuka korongoni kila asubuhi ya likizo ile, na mchana nikapanda vilima. Nilijiambia mvua imenisaidia, kwa kuwa ardhi iliyolowa haifichi kitu. Na kweli haikuficha. Niliona choo cha fungo juu ya jiwe, kimejaa mbegu za kuyu. Niliona njia za nguchiro, nyembamba kama zimechorwa kwa kidole, na manyoya ya kanga mahali alipokamatwa. Vilima vilikuwa vimepungua, tanuri za mkaa zimeacha mabaka meusi tulipokuwa tukiokota kuni, lakini bado palikuwa na wakazi.

Asubuhi moja, kando ya chemchemi, niliona alama za kwato. Ndogo, mbili mbili, mbichi.  Nilizifuata nimeinama, nikipanga tayari maneno nitakayomwambia dada, mpaka zikanifikisha kwenye kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi wa jirani akitafuna majani. Alinitazama bila haraka. Hapo ndipo nilipokumbuka alichotufundisha baba, kwamba kwato za mbuzi ni butu na zimeachana, za pongo zimechongoka na kushikana mbele kama punje ya karanga iliyopasuliwa kisha ikarudishwa. Nilikuwa nimelisahau somo la darasa la kwanza.

Mwisho niliingia kichakani kwenyewe, kwa kutambaa, hadi kwenye malalo tuliyoonyeshwa utotoni. Nyasi zilikuwa zimesimama wima. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka shina hadi shina, pale ambapo mnyama yeyote mwenye kifua angepita. Nilikaa pale hadi mvua ikaanza tena.

Niliporudi, dada alivuta kigoda, nikakaa. Akaniletea maji. Alisubiri nimalize kikombe chote.

"Umeona nini?"

Nikasema kwa mpangilio, fungo, nguchiro, kanga, hata mbuzi. Kaka alicheka kidogo kwa mbuzi. Kisha wote wawili wakanitazama.

"Alama ya pongo sikuona," nilisema.

"Mwaka una miezi mingi," dada alisema. "Sasa hivi kila mahali ni majani na maji. Atashuka huku kufuata nini? Subirini kiangazi."

"Kiangazi utasema tusubiri masika," kaka alisema, bila ukali.

 Dada alinigeukia mimi, nami nilimjibu kama mtaalamu.

"Ardhi imelowa, dada. Angepita ningemwona."

Alichukua kikombe mkononi mwangu, akakisuuza muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. "Haya," alisema. "Mmesema."

Niliondoka Jumatatu. Mahindi yalipovunwa kaka alikata kichaka, akanitumia picha kwenye simu. Aliiacha mikuyu kwa ajili ya chemchemi, na miiba aliirundika vizuri pembeni, rundo refu kumzidi yeye. Niliitazama picha ile nikiwa Mpanda, kwenye foleni ya chakula, nikamjibu: safi.

Mwezi wa tisa nilirudi tena. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu na watu walikuwa wakipiga mbaazi kwenye maturubai. Dada alinikuta mlangoni, akapokea shikamoo yangu na begi langu. Nikamuuliza kama ni kwema.

"Kaa kwanza," alisema.

Akavuta kigoda, akaenda kuleta maji. 

"Alikuja," alisema nilipomaliza kunywa. "Jike. Nilitoka kuwafungulia kuku nikamwona amesimama kwenye visiki. Anakwenda pale palipokuwa malalo, anarudi, anakwenda tena. Kama mtu aliyerudi kwake akakuta kufuli jipya." Alitazama mlango wa jikoni. "Jua lilipopanda alikwenda kulala ubavuni mwa lile rundo la miiba. Hakuna pengine penye kivuli."

Hakusema kwamba aliniambia. Ningependa angesema.

Kwa miaka yote nimejivuna kwamba najua kusoma alama. Ninachojua ni kusoma alama za siku niliyopo. Dada hajui tofauti ya kwato na kwato, lakini amekaa, kiangazi kikimkuta na masika yakimkuta, na alijua kwamba mabonde yote ya juu yakikauka, hapa kwenye chemchemi ndipo majani yanapobaki. Mimi nilimtafuta mwenyeji wakati yuko safarini, nikatangaza kwamba amehama.

Kaka alikuja kabla jua halijazama. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga mzigo wa matawi ya mgunga. Alinipa mkono, akafungua kamba, akayabeba hadi korongoni. Nikamfuata. Aliyapanga juu ya rundo moja moja, akijichoma na kutukana chini chini.

"Watu wanachukua kuni," alisema. "Rundo linapungua."

"Na nyumba?"

"Nimemwambia kijana asubiri mvua." Akafuta mikono kwenye suruali. "Baba wa binti anayemposa naye nimemwambia. Ananiona mwehu. Angalia pale chini, wewe mtaalamu. Ni wa lini?"

Ubavuni mwa rundo nyasi kavu zilikuwa zimelala kwa umbo la mwili. Kando palikuwa na kwato zilizochongoka, zimeshikana mbele kama karanga. Hakuna ambaye angezichanganya na za mbuzi. Niliokota kijiti, nikavunja kinyesi. Kilikuwa kikavu hadi ndani, kikawa unga. Maneno ya baba yalinijia mdomoni, nikayameza.

"Si wa leo," nilisema.

"Wa jana?"

"Si wa jana."

Kaka aliongeza tawi la mwisho, akalikandamiza kwa mguu lisipeperuke. Tulipanda nyumbani. Dada alikuwa ametoa vigoda nje ya mlango wa jikoni, upande unaotazama korongo, tukakaa wote watatu tukinywa chai. Kiza kilipoanza kuingia tulisikia kubweka upande wa chini, mara moja, kisha mara ya pili mbali zaidi.

Dada alishusha kikombe. Kaka alitazama ardhi kati ya miguu yake, na safari hii hakusema ni mbwa wa nani.