Mtoa Sauti wa Benchi la Mbele

Ovaline Gilliland alikuwa mwanamke wa kujivuna, wala hakulificha hilo. Alijivunia kuku wake wa kukaanga, alijivunia vitambaa alivyofuma katika kiwanda cha pamba mpaka kilipofungwa, na zaidi ya yote alijivunia kiti chake katika kanisa la Liberty Grove, pale juu mlimani kaskazini mwa Alabama. Kanisa lile haliimbi kwa kinanda. Waimbaji hukaa pande nne wakitazamana, kila upande na sauti yake, ya juu au ya chini, nota zao zimechorwa kwa maumbo, pembetatu na mraba na mengineyo, na kabla yeyote hajafungua kinywa lazima mtu mmoja atoe sauti ya kuanzia kutoka kichwani mwake. Akikosea huyo, kanisa zima limekosea. Tangu kaka yake alipofariki, mtu huyo alikuwa Ovaline, mwanamke wa kwanza kupewa kazi ile, na wanaume walionuna mwanzoni walikwishanyamaza wenyewe.

Masikio yake yalikuwa na historia yao. Kiwandani mitambo ya kufumia ilinguruma kutwa, na wafumaji walizungumza kwa midomo tu, bila sauti. Ovaline alikuwa bingwa wao. Aliweza kumsoma mtu midomo kutoka upande wa pili wa ukumbi, akajua nani kagombana na mumewe na nani ana mimba. Kiwanda kilipofungwa aliondoka na mlio masikioni, mwembamba, mkali, kama birika linalochemka na hakuna wa kuliepua.

"Hicho ndicho kiinua mgongo changu," alizoea kusema, na watu wakacheka.

Kwamba masikio yenyewe yamepungua nguvu, hilo hakulikubali. Mbona kila neno analoambiwa analipata?

Siku ya uimbaji mkuu, kiangazi cha mwaka juzi, watu wa sauti ya juu waliimba wakiwa wekundu kama nyanya, mishipa imewatoka shingoni. Ovaline alidhani ni joto. Ilipofika saa ya chakula, watu wametawanyika kwenye meza ndefu za nje, akamwona Harlon Tidmore, mfuga kuku, ameshika paja la kuku kule mwisho kabisa wa meza, anamwambia mkewe jambo. Harlon hakuwahi kufanya kazi kiwandani, kwa hiyo hakuwa na tabia ya kuficha mdomo.

"Ovaline anatumaliza. Kila wimbo anaupandisha mpaka darini. Masikio yamekwisha yale, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia."

Ovaline akaweka sahani yake chini, akaenda moja kwa moja.

"Harlon Tidmore, futa mafuta mdomoni kabla hujanisengenya!"

Harlon nusura apaliwe. "Dada Ovaline! Umenisikiaje na ulikuwa kule?"

"Sikukusikia. Nimekuona."

Neno lile likamrudia mwenyewe. Alisimama pale, hasira yote imemtoka, akamgeukia Renita, binti wa marehemu kaka yake.

"Renita, nipe mgongo. Sema kitu chochote."

Renita akageuka. Ovaline akangoja. Alisikia birika lake tu.

"Haya, sema basi."

Renita akamgeukia, macho yamejaa machozi. "Nimeshasema, Shangazi. Mara mbili."

Aliogopa siku ile, na tusifiche. Kufa hakukumtisha sana. Kunyang'anywa kile kiti ndiko kulikomtisha.

Mtaalamu wa masikio kule mjini Gadsden alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Ovaline alimuuliza kwanza kabisa: "Huu mlio, utanitolea?"

"Sitakudanganya, mama. Kuuondoa siwezi. Lakini masikio yako hayapati tena sauti nyembamba, na ubongo ukikosa sauti hujitengenezea yake. Vifaa hivi vya kuvaa masikioni vitakurudishia za nje. Wengi wakishazipata, mlio hujisogeza pembeni. Si wote."

Ovaline alimpenda kwa ile "si wote." Akaelewa pia kilichokuwa kikitokea kanisani: kila akitafuta sauti ya kuanzia, birika lilikuwa linamvuta juu, naye hakuwasikia watu wa sauti ya juu wakihangaika.

Wiki za kwanza vifaa vilimtia wazimu. Karatasi ilipasuka kama radi, na sauti yake mwenyewe ilitoka kama imo ndooni. Alipoimba, nota zilitetemeka. Akavitupa kwenye kopo la biskuti.

"Sawa," alisema Renita. "Kwa hiyo kiti tumpe Harlon?"

"Nipe hilo kopo."

Akarudi Gadsden na kitabu chake cha nyimbo, akamwimbia yule binti ofisini mpaka wagonjwa wakachungulia mlangoni, na yule binti akavirekebisha, akamwekea mpangilio wa peke yake kwa ajili ya kuimba. Majira ya baridi yote alifanya mazoezi jikoni. Akivivua, birika lilirudi palepale. Akivivaa lilikuwepo bado, ila mvua ikinyesha, au Renita akipiga soga, alilisahau.

Siku ya uimbaji mkuu ikafika tena. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwomba Harlon akae benchi la pili, nyuma ya Ovaline hasa, ashike kazi mwenyewe akishindwa. Ovaline alijua. Alikaa kitini pake, mgongo umenyooka, akafumba macho. Birika likaomba juu, kama kawaida yake. Akalinyima. Akatoa sauti ya chini kidogo, tulivu, na kanisa likaingia.

Kisha akawasikia watu wa sauti ya juu. Miaka mingapi alikuwa hajawasikia? Walipaa bila kuumia, wembamba na safi, na kifua chake kikajaa fahari mpaka akashindwa kuimba mstari wa kwanza. Alasiri sauti za watu zilipochoka, aliteremsha tena bila kuambiwa na mtu.

Wimbo mmoja ulipokwisha, watu wakifunua kurasa, sauti ya chini ilitoka nyuma yake.

"Dada Ovaline, leo umetupatia sauti yenyewe. Nisamehe."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, kitabu mapajani.

"Nimekusamehe, Harlon," alisema kwa sauti ya kanisa zima kusikia. "Lakini ukiniomba radhi, toa kwanza pipi mdomoni. Inagonga meno."