Maziwa ya Simba

Hadi leo nikinusa ngozi mbichi ikikauka juani, namkumbuka Simba, mbwa wa kaka yangu Njeru, na wivu hunipanda upya kana kwamba mimi si bibi mwenye wajukuu.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, tukiishi kando ya mji wa Embu. Njeru alikuwa ameshikwa akapelekwa kizuizini, akatuachia mbwa. Kila asubuhi mama alimmiminia Simba maziwa. Mimi nilikunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Jamani, mbwa! Nilimchukia kwa moyo wote.

Jirani yetu Mzee Abdalla alinunua ngozi kwa wachinjaji, akazipaka dawa kali ya kuua wadudu, kisha akaziwamba uani. Watoto tulikatazwa hata kuzigusa. Siku moja nikamwona Simba akitafuna pembe ya ngozi moja. Ningeweza kumfukuza. Niliendelea kuchambua maharagwe yangu ya njahi, nikajisemea, na ale.

Muda si muda akaanza kutapika, miguu ikamwisha nguvu. Mama akambeba mbio hadi kwa Mzee Abdalla, nami nyuma.

"Mzee, saidia mimi," mama alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii ikikufa, Njeru akirudi nitamwambia nini?"

"Amekula nini?" Mzee akauliza.

Mama hakujua. Alikuwa akimpangusa mbwa povu kwa leso yake ya kanisani. Mimi nilipougua malaria alinipangusa kwa kitambaa cha jikoni! Wivu ukanizidi, nikageuka kutazama ngozi zilizowambwa. Kisha nikaona mama amepiga magoti vumbini, amekilaza kichwa cha mbwa mapajani. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mimi yalinijia nikiwa na miaka tisa.

"Ngozi yako," nikasema.

Mate ya mbwa ni najisi katika dini ya Mzee Abdalla. Hata hivyo alimpanua taya kwa mikono yake mwenyewe, akamnywesha maziwa na ute wa mayai, tena na tena, mpaka alasiri. Halafu akanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, mimi nikimmiminia maji.

"Ulikawia kusema," akaniambia polepole, mama asisikie.

Simba akapona. Njeru hakurudi. Wenzake walirudi, mama akawapikia, akawasikiliza wakisimulia alivyofia kizuizini, hakutoa chozi, na kesho yake akammiminia mbwa maziwa kama kawaida.

Miaka ikapita, Simba akafa kwa uzee. Mama alikaa chini mlangoni akalia akimwita Njeru, kwa mara ya kwanza tangu ashikwe. Nilikuwa mtu mzima tayari, na ndipo nilipojua maziwa yale yalikuwa ya nani.